Bastola ya Gololi Nyumbani: Inachofundisha na Inachoficha

Mhadhara kwa wamiliki wa bastola wanaojifunza kujihami

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika, na asanteni zaidi kwa kuacha silaha zenu nje kama tulivyoomba. Hapa mezani pana bastola moja tu, nayo haijawahi kuingizwa risasi tangu itengenezwe. Inarusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6. Aina hii huitwa easofti. Umbo ni lile lile la bastola halisi, uzito unakaribiana, magazini inachomoka vilevile, na ukiitia kwenye ala ya bastola ya kweli huingia bila kulazimishwa. Aliyekaa kiti cha nyuma kabisa hawezi kuapa kwamba si ya kweli. Jambo hilo lina faida na lina hatari, na nitayasema yote mawili.

Wengi wakiiona hucheka. Sawa, tucheke, lakini mwaka 2004 Mjapani mmoja, Tatsuya Sakai, alikwenda California akatwaa ubingwa wa dunia wa Steel Challenge, mashindano ya kuzipiga sahani za chuma kwa kasi. Kwao Japani raia wa kawaida haruhusiwi kuwa na bastola, kwa hiyo alikuwa akijinoa kwa easofti. Sitaki mtu atoke hapa akidhani gololi ni sawa na risasi. Ninachosema ni kwamba kazi nyingi ya mpiga shabaha humalizika kabla risasi haijatoka, na kazi hiyo inaweza kufanyiwa mazoezi sebuleni.

Tuutazame mkono unaochomoa bastola iliyofichwa chini ya shati. Mkono wa kushoto unalivuta shati juu hadi kifuani. Ukilivuta nusunusu, kitambaa kitanaswa kati ya kiganja na mpini. Wa kulia unashuka, na ile nyama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada inapanda hadi mwisho wa mpini kwa nyuma. Ushiko uwe umekamilika hapo hapo, bastola ikiwa bado ndani ya ala, maana ukishaichomoa huna tena muda wa kuurekebisha. Kidole cha shahada kimenyooka ubavuni, nje ya kifyatulio. Bastola inapanda, mtutu unageuka mbele, mkono wa kushoto unaipokea karibu na kifua, kisha mikono yote miwili inaisukuma kuelekea shabaha huku jicho likikitafuta kilengeo cha mbele. Kidole hakiingii kwenye kifyatulio mpaka uwe umeamua kupiga.

Hayo yote unaweza kuyafanya polepole kwa bastola halisi iliyo tupu, na watu wamefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Kasoro yake ni kwamba bastola tupu haikupi jibu. Umebana, kumesikika "taki", umeridhika. Je, ungepata au ungekosa? Hujui. Gololi hutoboa karatasi, na tundu halina upendeleo. Anayetumia mkono wa kulia akikikwapua kifyatulio badala ya kukibana taratibu, mara nyingi tundu huenda chini kushoto. Karatasi inampa jibu palepale, na hasira yake inaishia kwake mwenyewe.

Kuhusu umbali, chukueni utepe mpime nyumba zenu: kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mwisho wa korido hadi jikoni. Watu hushangaa. Ni nadra ndani ya nyumba ya kawaida kupata mstari mrefu kuliko mita 7 au 8. Kwa umbali huo easofti nzuri, ile inayosukuma gololi kwa gesi, hulenga vya kutosha, kwa hiyo ukikosa, usiilaumu.

Sasa tuje kwenye yale inayoyaficha, na hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya wenzangu wanaoisifu kupita kiasi. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa kasi ya mita 90 kwa sekunde hubeba nguvu isiyofika juli 1, juli ikiwa kipimo cha nishati. Risasi ya bastola ya milimita 9 hubeba juli zinazokaribia 500. Tofauti ni kama mara 600. Teke ambalo bastola halisi inakupiga mkononi halipo kwenye hii. Ile ya gesi hurudisha sehemu yake ya juu nyuma ikakutikisa kidogo, lakini mtikisiko huo haumwadhibu mtu aliyeshika ovyo. Unaweza kuishika kwa ulegevu mwaka mzima ukajiona bingwa, halafu risasi ya pili ya moto ikaruka juu ya shabaha. Kifyatulio chake pia kwa kawaida ni chepesi. Na hakuna mlio.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni ukuta. Gololi hugonga ukuta ikadunda, ikabingirika chini ya kochi. Risasi ya milimita 9 hupita kwenye mlango wa mbao au ukuta wa mbao za jasi ikaendelea na safari yake, na huko iendako pengine amelala mtoto. Ukizoea kupiga kila upande wa chumba bila kufikiri kwa sababu gololi haina madhara, umejifundisha jambo baya kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pitieni chumba kwa chumba mjiulize: nikisimama hapa nikielekea kule, nyuma ya ukuta ule yuko nani? Kuna pembe ambazo jibu lake ni kwamba hapa sipigi kabisa, nasogea kwanza.

Ndiyo maana mazoezi ninayoyathamini zaidi si ya kupiga, ni ya kutopiga. Bandikeni picha za watu kwenye maboksi. Mmoja ameshika kisu, mwingine simu, mwingine tochi, mwingine mikono mitupu. Mwambieni mtu wa nyumbani awapangie bila nyinyi kuona. Zimeni taa, ingieni na tochi, mtazame mikono kwanza, kisha uso. Mnaweza kumaliza zoezi zima bila gololi hata moja kutoka, na likawa zoezi zuri kuliko yote ya wiki hiyo. Fanyeni pia lile linalowachosha vijana: kukusanya familia kwenye chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga simu polisi, na kubaki humo. Kuzungukazunguka nyumba kumtafuta mvamizi gizani ni kazi inayowashinda hata polisi wakiwa wengi. Mtu mmoja aliyetoka usingizini asijitwishe.

Kuhusu usalama sitacheka na mtu. Gololi haitakuua, lakini jicho inaweza kulipofua, na hudunda kutoka kwenye sehemu ngumu ikarudi ilikotoka. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyemo chumbani, pamoja na mtazamaji. Nyuma ya karatasi wekeni boksi, ndani yake ning'inizeni blanketi kuukuu. Kitambaa kinachoning'inia hulegea kikazimeza gololi, ubao huzirudisha.

Bastola halisi ifungiwe chumba kingine, na risasi za moto zisiwemo kabisa mnamofanyia mazoezi. Mkimaliza, semeni kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha." Inaonekana kama uchawi, lakini ina sababu. Ajali nyingi za kufyatua risasi ya moto bila kukusudia mazoezini huja pale mtu ameshamaliza, amerudisha silaha yake ya kweli kiunoni, halafu anajiambia, "Hebu mara moja tu ya mwisho."

Na isitoke nje ya nyumba. Marekani sheria ya mwaka 1988 inataka bastola za mfano ziwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye mdomo wa mtutu. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2006, ilibana uuzaji wa zile zinazofanana mno na za kweli. Novemba 2014, jijini Cleveland huko Marekani, mvulana wa miaka 12 aliuawa na polisi akiwa na easofti iliyokuwa imeondolewa alama hiyo. Alama mnaiacha ilipo, pazia mnalifunga, na mkimaliza inafungiwa kama mnavyoifungia ile nyingine.

Kuna bwana ameuliza kwa nini yake inapoteza nguvu akipiga harakaraka. Ni gesi. Ikitanuka hupoa, magazini inakuwa baridi kama soda iliyotoka kwenye friji, na shinikizo linashuka. Piga moja, pumua, piga nyingine. Kwa mazoezi ya kujihami hilo si hasara, maana linakuzuia kumwaga gololi ovyo.

Swali la dada pale mbele ni zito zaidi: atajuaje kama mazoezi ya nyumbani yanamsaidia? Nenda uwanjani, dada yangu, ukapige risasi chache za moto kwenye karatasi ya ukubwa ule ule, umbali ule ule. Ikiwa nyumbani matundu yamekaa katikati na uwanjani yanashuka, macho yako hayana tatizo. Mwili unauogopa mlio, na gololi haitautibu woga huo. Hapo iweke easofti kando kwa muda. Mwombe mkufunzi akujazie magazini, achanganye risasi za bandia na za moto bila wewe kuona mpangilio. Ikifika ile ya bandia, hakuna mlio wala teke la kukufichia, na ikiwa mtutu umechovya chini, utauona mwenyewe.