Unarudi kazini, lakini kazi gani?

Ndugu zangu, mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana nitalisema lile lile. Mgonjwa wa sainasi, yaani uvimbe wa vile vyumba vya hewa vilivyo kuzunguka pua, akishatibiwa huniuliza, "Daktari, nirudi kazini lini?" Nami humuuliza: unafanya kazi gani? Hapo wengi hununa. Walitaka tarehe tu, waipeleke kwa msimamizi.

Sizungumzii mafua yaliyopanda kichwani juzi. Sainasi ya ghafla mara nyingi huletwa na virusi, na wengi hupata nafuu ndani ya siku 10 hivi hata bila antibiotiki. Hao homa ikishuka na nguvu zikirudi, wakafanye kazi. Nawasemea waliopasuliwa, waliozibuliwa njia za sainasi kwa kamera inayopitishwa puani. Nje hakuna kidonda wala bandeji. Anayemtazama haoni mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe hajioni.

Kisa cha bwana wa ghalani wenzangu wamekichoka, nitakisema hivyo hivyo. Siku chache baada ya upasuaji maumivu yaliisha, akajiona mzima, akarudi kazini. Asubuhi nzima hakupata neno. Mchana akainamia katoni ya chini kabisa, akakaza pumzi, akainua. Alipokuja kusimama wima, shati lilikuwa jekundu hadi kifuani. Wenzake kwa wema wao wakamlaza chali, damu ikamshukia kooni, akaanza kutapika. Ngoja nisimame hapo kwanza. Anayetoka damu puani halazwi chali wala harudishwi kichwa nyuma! Aketi, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia achungulie, na damu ya mdomoni aiteme. Isipokoma, hospitali.

Sasa, kilichomponza si katoni peke yake, ni ile pumzi aliyoikaza. Ukikaza pumzi, ukipenga kamasi kwa nguvu, hata ukijikamua chooni, damu husukumwa kichwani na vidonda vilivyoanza kufunga hufumuka. Maumivu huondoka mapema, lakini utando wa ndani ya pua hutaka wiki kadhaa kupona, na vile vinyweleo vinavyosukuma ute huchelewa zaidi.

Najua kuna msimamizi hapa anasema moyoni, "Basi kila mtu atalala nyumbani mwezi mzima." Hapana, bwana. Karani wa mezani mara nyingi hurudi baada ya wiki moja hivi, ilimradi usimtume kuhamisha makabati. Mbeba mizigo, fundi anayekoroga saruji, mpishi anayeshinda kwenye moshi, hao ni wiki mbili au zaidi, kadiri atakavyosema aliyewapasua. Ukimhitaji mapema, mpe kazi ya kukaa. Kwani hakuna hesabu za ghala za kuandika?

Na akiomba dakika chache asafishe pua kwa maji ya chumvi, mpe. Hayo ndiyo matibabu yenyewe. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Ya bomba moja kwa moja hapana, kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, adimu lakini muuaji, anayepitia puani hadi kwenye ubongo. Naona mnacheka, mtu mzima ameinamia sinki la ofisi. Chekeni, lakini sinki mpeni.

Saa inanikimbia, yaliyobaki nayapita mbio. Chafya, mdomo wazi. Safari ya ndege, uliza daktari kwanza. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, usishike usukani wala mashine. Dawa ya kupuliza ya kuzibua pua isipite siku 5 hivi, pua itaziba upya. Ile ya steroidi, ya kupunguza uvimbe, ni nyingine, endelea nayo ulivyoandikiwa. Vumbi na viyoyozi nimeviacha.

Hili siliachi. Jicho likivimba, ukiona viwili viwili, shingo ikikakamaa, au ukiinama maji maangavu yakadondoka tundu moja la pua, usikae foleni ya kuomba ruhusa. Nenda hospitali saa ile ile. Barua ataiandika mwenzako.