Tope la Leith Hill: katikati au pembeni?

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha mbio za vilimani. Leo ajenda imeandikwa kabisa, Baraka, usinichekee. Vipengele vitatu: kupanda Box Hill bila kukatika pumzi, kushuka kwenye chaki iliyolowa, lile jiwe jeupe laini, na taa ya kichwani, maana mwishoni mwa Januari huku Surrey, kusini mwa London, jua linazama saa kumi na moja kasoro dakika 20. Nusu saa tu, tunamaliza.

BARAKA: Na ule mfuko wa plastiki pale mlangoni, nao umo kwenye ajenda?

ZUHURA: Vile ni viatu vya Jumamosi. Nilishuka treni Holmwood, nikapanda Leith Hill, nikatokea Dorking. Viache.

BARAKA: Vinanuka, dada.

ZUHURA: Haya, dakika mbili za tope, halafu tunaanza. Mtu akishuka Holmwood yuko juu ya mfinyanzi wa Weald, lile eneo la kusini. Anafungua ramani ya Explorer, ile ya 1:25,000, anaona mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, imeachana, anajiambia huku ni tambarare, nitakimbia vizuri. Kusini mwa Leith Hill usidanganyike na mistari iliyoachana. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, maji hayana pa kupenya. Yanayonyesha Novemba unayakuta Februari.

BARAKA: Halafu kontua zikibanana, mambo yanageuka.

ZUHURA: Yanageuka ghafla! Unaacha mashamba, unaingia msituni, na baada ya hatua chache za mwinuko kiatu kinaanza kulia chakarachakara. Mchanga huo. Leith Hill yote imekaa juu ya jiwe la mchanga, ule unaoitwa Greensand, na maji yanazama moja kwa moja. Ndiyo maana misonobari imeshamiri kule juu. Asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, kilele kinakimbilika na bonde la chini halikimbiliki.

BARAKA: Na kilele ni mita 294. Kwa wasiopajua, ule mnara wa juu ulijengwa na Richard Hull mwaka 1765, ili mtu akipanda awe juu ya futi 1,000. Kilima kilipungukiwa kidogo, mzee akakiongezea. Na kaburi lake liko hapohapo chini ya mnara.

ZUHURA: Ukitoka hapo kwenda kaskazini mchanga unaisha, na kabla hujafika kwenye chaki ya Box Hill kuna ukanda mwingine wa mfinyanzi, Gault. Mwembamba, lakini una roho mbaya. Kwa hiyo katika mbio moja, bila hata kuhama wilaya, unakanyaga udongo wa aina nne.

BARAKA: Mfinyanzi, mchanga, Gault, chaki.

ZUHURA: Na juu ya chaki, kwenye mgongo wa Downs, vile vilima vya chaki, mfinyanzi tena, safari hii umechanganyika na mawe ya gumegume. Basi tano. Usikisie: Shirika la Jiolojia la Uingereza, British Geological Survey, lina ramani ya bure kwenye intaneti. Ifungue kando ya ramani yako ya njia, utajua tope liko wapi kabla hujafunga kamba.

BARAKA: Hapo ndipo watu wanauliza: nivae kiatu gani?

ZUHURA: Meno ya soli, milimita 6 hadi 8, na yaachane. Kuachana ndiko muhimu kuliko urefu. Meno marefu yaliyosongamana yanashika mfinyanzi katikati yake, na baada ya mita 50 soli ni bapa, unateleza kama huna jino hata moja, na kila mguu umebeba mzigo.

BARAKA: Lakini meno hayo hayo kwenye chaki...

ZUHURA: Chaki iliyolowa ni kesi nyingine. Pale chini ni pagumu, na juu kuna utando mwembamba wa ute. Jino halina pa kuzama. Kinachokuokoa ni mpira laini wa soli, na hatua fupi. Hicho ni kipengele cha pili, tutafika.

BARAKA: Na kiatu kuvuliwa na tope? Wengi kinawatokea hicho.

ZUHURA: Mambo mawili. La kwanza, kamba. Kiatu kina tundu la juu kabisa, lililosogea nyuma kidogo karibu na kifundo, ambalo watu hawaligusi. Pitisha kamba humo upande uleule, ukiacha kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha ncha ya kushoto ipite kwenye kitanzi cha kulia, na ya kulia kwenye cha kushoto. Vuta kuelekea chini na nyuma, ndipo ufunge. Kisigino hakichomoki tena.

BARAKA: La pili?

ZUHURA: Usivute mguu wima. Tope limeziba pande zote, ukivuta wima unapambana na ombwe. Zungusha kisigino kidogo kwanza, hewa iingie, ndipo unyanyue. Mguu unatoka na kiatu chake.

BARAKA: Sasa vile vya mlangoni vimekaa kwenye plastiki tangu Jumamosi...

ZUHURA: Toka Jumamosi hadi leo asubuhi vilikuwa kwenye magazeti! Nimevitia mfukoni kwa ajili ya treni tu.

BARAKA: Magazeti gani?

ZUHURA: Yale ya bure ya stesheni. Kwani kuna mengine?

BARAKA: Wasikilizaji, huyu dada haokoti gazeti asome. Anaokota alishe viatu.

ZUHURA: Cheka, lakini andika. Suuza kwa maji baridi, brashi laini, kuanzia juu kushuka kwenye soli. Toa soli ya ndani, ianike peke yake. Legeza kamba hadi chini, vuta ulimi wa kiatu mbele. Kisha gazeti: lichane, lifinyange vipande vidogo, jaza hadi kwenye vidole. Baada ya saa moja au mbili toa, weka jingine kavu. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanajaza mara moja, wanalala, na gazeti lililolowa linabaki ndani likitunza unyevu.

BARAKA: Habari za jana ndani ya kiatu cha leo.

ZUHURA: Na usiweke juu ya hita ya ukutani. Gundi inayoshika soli inachoka kwa joto, soli inaanza kuachia mbele kwenye vidole. Mashine ya kufulia vilevile.

BARAKA: Kurasa zipi zinanyonya vizuri zaidi? Michezo au siasa?

ZUHURA: Karatasi nyembamba isiyong'aa. Ile ya matangazo yenye kung'aa hainyonyi kitu.

BARAKA: Kwa hiyo siasa. Sawa. Nina neno, lakini. Viatu vyako vimelowa hadi kwenye ulimi, vyangu hulowa soli tu. Sababu ni kwamba wewe unapita katikati.

ZUHURA: Napita katikati, ndiyo. Na kila mtu apite katikati.

BARAKA: Hapana.

ZUHURA: Hapana nini?

BARAKA: Njia yenye mshale wa buluu ni njia ya farasi. Baiskeli nazo zina haki humo tangu sheria ya 1968. Farasi anapita wapi? Katikati. Kwato inatoboa shimo, shimo linajaa maji, farasi mwingine anakuja analifanya refu zaidi. Wewe juu unaona uji tu. Chini kuna mashimo, na ukiwa juu ya Downs kuna na gumegume lenye ncha. Kifundo kikizunguka humo umekwisha. Pembeni kuna nyasi, kuna mizizi inayoshika udongo. Unaona unapokanyaga.

ZUHURA: Unaona? Pembeni kuna miiba, kuna waya wa seng'enge uliolala kwenye majani, na hiyo mizizi unayoisifia ikilowa inateleza kuliko chaki. Na pembeni kumeinama, kwa hiyo mguu mmoja uko juu na mwingine chini. Kifundo kinazunguka hukohuko.

BARAKA: Unapunguza mwendo.

ZUHURA: Na katikati pia napunguza mwendo! Hatua fupi, wayo wote unatua bapa, mguu hausubiri. Lakini acha kifundo. Ukipita pembeni leo, kesho pembeni pamekuwa tope. Anayefuata anapita pembeni ya pembeni. Njia ya mita moja inakuwa ya mita nne. Na msituni Januari hii majani ya blubeli, yale maua ya buluu ya msituni, yameshaanza kutokeza. Ua halijaja, lakini jani likikanyagwa mmea hauna pa kujitengenezea chakula. Mwongozo wa mashambani, Countryside Code, unasema wazi: baki kwenye njia hata ikiwa na matope.

BARAKA: Mwongozo unasema hivyo ili kulinda mazao na viumbe wa porini. Mimi sisemi uingie kwenye blubeli. Njia za matrekta ya misitu zina upana wa mita tatu, nne. Ukingo wake ni njia bado. Kwa nini nikanyage mashimo ya farasi wakati nyasi za njia hiyohiyo zipo?

ZUHURA: Kwa sababu hujui ukingo unaishia wapi. Hakuna anayejua. Kila mtu anasema "hapa bado ni njia".

BARAKA: Mimi najua.

ZUHURA: Wewe na wenzako mliojua ndio mliofanya ile njia ya chini ya kijiji cha Coldharbour iwe pana vile.

BARAKA: Ile imepanuliwa na farasi na magari ya kukata miti, usinitwishe. Na mwenye kifundo kilichoteguka, kilomita nne kutoka barabarani, saa kumi alasiri, baridi inaingia, utamwambia nini? Kwamba blubeli zinamshukuru?

ZUHURA: Nitamwambia alikuwa anakimbia upesi mno kwa tope lile.

BARAKA: Ebo!

ZUHURA: Sijamaliza. Kukiwa na barafu nakubali ni jambo jingine, yale mashimo yakiganda yanakuwa magumu kama...

BARAKA: Kwa hiyo unakubali.

ZUHURA: Sikubali! Yakiganda hakuna tope la kukwepa, unatembea. Hilo si pembeni wala katikati.

BARAKA: Unatembea pembeni.

ZUHURA: Natembea katikati, polepole.

BARAKA: Tumebakiza dakika tatu.

ZUHURA: Za nini? Box Hill bado.

BARAKA: Box Hill, chaki, na taa. Vyote vitatu.

ZUHURA: Wewe ndiye uliyeuliza habari ya mfuko.

BARAKA: Chagua kimoja.

ZUHURA: Kwa atakayeendelea kutoka Dorking kwenda Box Hill wiki hii: ramani itakupeleka kwenye mawe 17 ya kuvukia mto Mole. Mto huo unapokea maji ya mfinyanzi uleule, kwa hiyo unajaa upesi, na ukijaa mawe yanazama. Usijaribu kuyatafuta kwa mguu. Kuna daraja la waenda kwa miguu hapo karibu, vuka nalo, njia zinakutana tena ng'ambo. Halafu mwinuko unaanza, ngazi juu ya ngazi, na hapo ndipo nilitaka kusema kuhusu mikono kwenye mapaja...

BARAKA: Dakika moja.

ZUHURA: Basi ya mikono wiki ijayo. Kwenye taa, muwe tu na betri ya akiba, na iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaimaliza.

BARAKA: Na wanaopita pembeni watuandikie.

ZUHURA: Na wa katikati pia. Baraka, zima hiyo.