Plasma Yangu Haiendi Popote

Wazee wangu mlioketi mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mnataka kutoroka, hamjambo. Asanteni kwa kuja jioni ya Ijumaa, saa ambazo Jogoo Road haisogei. Waandalizi walinipa mada ya teknolojia mpya nyumbani. Niliikubali, kisha nikaamua kuzungumzia ya zamani: runinga ya plasma. Nyumbani kwangu ninayo moja ya inchi 42, na kila sikukuu wanangu wanaleta hoja ileile, kwamba niiondoe waniwekee kitu kipya ukutani. Nimekataa. Leo nitawaambia kwa nini, na pia nitawaambia ni nani kati yenu anayepaswa kuiondoa yake wiki hii.

Tuanze na kuitambua, maana najua kuna watu humu wana TV bapa na hawajui ni ya aina gani. Gonga skrini polepole kwa ukucha. TV ya LED, hii iliyojaa madukani siku hizi, ni laini, ukiibonyeza picha inatawanyika pale kwenye kidole. Plasma ni kioo kigumu na ina mlio wa kioo. Soma kibandiko cha nyuma: TV ya inchi 42 ikikuandikia wati 250 au 300, umeshapata jibu. Pitisha kiganja juu yake baada ya saa moja, utasikia joto. Na kama ilinunuliwa mpya mwaka 2018, usijisumbue kugonga. Panasonic walitangaza mwisho wa plasma Oktoba 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Pioneer, ambao plasma zao za Kuro bado zinatajwa kwa heshima na wapenda picha, walikuwa wameshaondoka kabla ya hao wote.

Chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya sebule. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson walikuwa wanatafuta skrini ya mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO. Kumbukumbu ya kompyuta enzi hizo ilikuwa ghali mno. Walichobuni kilikuwa na tabia nzuri sana: kidoto kikishawashwa kinabaki kimewaka, bila kompyuta kukikumbusha kila mara. Rangi ilikuwa moja tu, chungwa la neoni. Fujitsu walileta skrini ya inchi 21 yenye rangi zote mwaka 1992, na kufikia 1997 TV ya inchi 42 ilikuwa madukani Marekani kwa karibu dola 15,000. Kwa hiyo ukiona moja imetupwa nyuma ya kibanda mtaani, iamkie kwanza.

Ndani yake kuna vioo viwili, na kati yao visanduku vidogo mno, mamilioni, vyenye gesi ya neoni na zenoni. Umeme wa volti nyingi ukipita, gesi inatoa miale ya urujuanimno, miale ile inagonga unga wa fosfa, na unga unatoa nuru nyekundu, kijani au buluu. Ni kanuni ileile ya taa ya mrija iliyo juu ya vichwa vyetu hapa. La muhimu ni kwamba kila kidoto kinajiwashia na kujizimia. LED ya kawaida ni taa inayowaka nyuma ya pazia, na pazia halizibi nuru yote. Ndiyo maana usiku, filamu ikifika gizani, unaona ukijivu pale panapotakiwa kuwa peusi. Kwenye plasma peusi ni peusi, au karibu sana. Ukikaa kwenye kigoda pembeni kabisa ya sebule, rangi hazibadiliki. Na mpira ukipigwa kutoka goli hadi goli, unauona ukiruka bila kuacha mkia. TV za OLED zimerudia wazo hilo la kidoto kujiwashia, lakini bei yake mnaijua.

Sasa mtauliza, kama ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini ilikufa? Ilifia dukani. Duka lina taa kali, na plasma ikiwekwa kando ya LED chini ya taa kali inaonekana imefifia, halafu kioo chake kinakurudishia sura yako mwenyewe. Mnunuzi anachagua kwa macho ya dukani, kisha anaenda kutazama usiku. Ongezea kwamba LED ilizidi kuwa rahisi kutengeneza, kwamba 4K, yaani picha yenye vidoto vingi zaidi, ilitaka visanduku vidogo zaidi na kisanduku kidogo kinatoa nuru kidogo, na kwamba serikali za nje, California kwa mfano, zilianza kuweka kikomo cha umeme ambao TV inaruhusiwa kula. Hapo biashara ikaisha.

Nije kwetu. Kuna kasoro moja ambayo mafundi wengi hawaielezi vizuri, na hapa Nairobi inatuhusu moja kwa moja. Plasma yako inavuma? Ule mlio wa nyuki unaousikia ukipunguza sauti? Gesi iliyo ndani ya vile vioo ina shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje. Pwani, hewa nzito inavikandamiza vioo viwili vikashikana sawasawa. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, mkandamizo unapungua, na vioo vinapata nafasi ya kutetema umeme unapopita. Sisi hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. TV iliyokuwa kimya kabisa Mombasa inaweza kuanza kuvuma ikifika Nairobi, na ukiipeleka kwa shangazi Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,200, itavuma hata zaidi. Vijitabu vya watengenezaji vilitoa onyo kuhusu maeneo ya juu, ila nani huvisoma. Kwa hiyo fundi akikuambia mvumo ni bodi imeungua na inabidi ubadilishe, muulize kwanza kama amewahi kusikia habari za hewa. Mvumo peke yake hauna madhara. Ongeza sauti kidogo, au isogeze TV isiegemee ukuta.

Stima. Hapa ndipo wanangu hunibana, na wana haki ya kunibana, basi tufanye hesabu. Mita nyingi za tokeni zina kitaa chekundu kinachomweka, na kando yake pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kikimweka mara 1,000 umemaliza yuniti moja. Zima friji, zima taa, acha TV peke yake, kisha hesabu. Plasma ya wati 250 itakimwesha mara nne hivi kwa dakika. LED ya inchi 43 inayokula wati 80 itakimwesha mara moja kila sekunde 45. Jambo la kufurahisha ni kwamba plasma haili umeme uleule muda wote: studio ya habari yenye kuta nyeupe inakula zaidi, filamu ya usiku inakula kidogo.

Tuseme yuniti ni shilingi 30, kodi na kila kitu ndani. Mimi natazama saa tatu kwa siku, taarifa ya habari na mechi ikiwepo. Plasma inanila yuniti 22 na nusu kwa mwezi, LED ingenila saba na kitu. Tofauti haifiki shilingi 500. TV mpya ya shilingi 30,000 ingehitaji zaidi ya miaka mitano kujilipa kwa stima pekee. Siibadilishi.

Lakini kuna nyumba ambazo TV inawashwa asubuhi na nyimbo za injili, inapokewa na katuni, inapokewa na tamthilia, na kuzimwa ni saa tano usiku. Saa 15 kwa siku. Hapo plasma inakula zaidi ya yuniti 112 kwa mwezi, na mnajua ukivuka 100 unahamishwa daraja la bei. Tofauti na LED inapita shilingi 2,200 kila mwezi, na TV mpya inajilipa kwa mwaka mmoja na kidogo. Mama, kama hiyo ni nyumba yako, iondoe. Sitakutetea mbele ya mzee.

Sababu kubwa ya kung'ang'ania yangu, hata hivyo, ni nyingine. Watu wengi wanaobadilisha TV leo wanabadilisha kompyuta iliyofichwa ndani yake. Skrini bado ni nzima, ila programu haifunguki, imeambiwa kifaa ni cha zamani mno. Plasma yangu haina kompyuta ya kuzeeka. Ina matundu ya HDMI ya kuchomekea vifaa, basi. Februari 2015, matangazo ya analogi yalipokatwa Nairobi na vituo vikubwa vikapotea hewani karibu wiki tatu, plasma nyingi za mji huu zilihesabiwa kuwa maiti, kwa sababu hazikuelewa DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali. King'amuzi kikazifufua. Leo unachomeka kijiti cha intaneti cha bei nafuu na unapata yote ambayo smati TV inakupa, ukiondoa 4K. Kwenye inchi 42, ukiwa umekaa mita tatu, hiyo 4K hutaiona, labda uwe na macho ya mwewe.

Kitu cha kuogopa kweli ni alama ya kudumu. Mmeiona kwenye hoteli zetu: chaneli imeshabadilishwa, lakini nembo bado iko pale kwenye kona, na chini kuna kivuli cha ule upau wa habari. Fosfa imechakaa pale palipowaka muda mrefu. Haitengenezeki. Punguza mwangaza, picha ijaze skrini nzima, na usiiache kwenye chaneli moja ya habari ukalala. Kivuli kinachotoka baada ya dakika chache si cha kukusumbua.

Kuhusu ufundi nitasema kwa ufupi. Ikiwaka na kuzima, mara nyingi ni kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, zilizofura kwenye bodi ya pawa, na kwa fundi wa barabara ya Luthuli anayejua kazi hiyo si kazi kubwa. Usiifungue mwenyewe: ndani kuna volti mia mbili na zaidi, na kapasita zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Ukihama nyumba, isimamishe wima kati ya magodoro mawili; ikilazwa kifudifudi kwenye pikapu na barabara zetu hizi, utafika na vioo vilivyovunjika.

Na siku paneli itakapokufa, imekufa. Uza bodi kwa mafundi, kuna mwingine anazitafuta. Kilichobaki usipeleke jalala la Dandora. Plasma haina zebaki, lakini za mwanzo zina madini ya risasi kwenye kioo na kwenye viungo vya bodi, na vijana wanaochoma nyaya pale wanaivuta. Tuna kituo cha WEEE hapahapa Nairobi kinachopokea taka za umeme, na sheria ya taka ya 2022 inamtaka hata aliyekuletea bidhaa abebe mzigo wake.

Yangu bado inawaka. Namuona mama wa kitenge cha buluu ameinua mkono tangu nilipotaja saa 15. Mpeni maikrofoni yeye kwanza.