Msiniulize Rangi Peke Yake: Sigara ya Kielektroniki na Kinywa cha Kijana wa Goma

Mhadhara wa daktari wa meno kwa wanafunzi na wazazi, Goma

Waheshimiwa wazazi, walimu, nanyi wanafunzi mliojazana viti vya nyuma mkidhani sauti yangu haitafika huko, nawashukuru kwa kuja. Sitaanza kwa kueleza sigara ya kielektroniki ni kitu gani, kwa sababu humu ukumbini wapo wengi wanaoijua kunishinda, na baadhi yao wanayo mfukoni hivi sasa. Nitaanza na swali ambalo limeshanichosha: «Daktari, hii kitu inachafua meno?»

Inachafua, ila kidogo kuliko sigara ya kawaida. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linaloniharibia kazi, maana kijana akishalisikia haniachii nafasi ya kuongeza neno la pili. Sigara ya kawaida huunguza tumbaku, na tumbaku ikiungua hutoa lami, ambayo ndiyo iliyopaka kahawia meno na vidole vya wazee wetu wavutaji. Kifaa chenu hakiunguzi jani lolote. Hupasha moto kimiminika chenye propilini glikoli, gliserini, vionjo na, mara nyingi, nikotini. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ambamo vipande vya meno ya ng'ombe vilipitishiwa moshi wa sigara na mvuke wa vifaa hivi: vile vya moshi vilibadilika rangi waziwazi, na vile vya mvuke vilibadilika kidogo mno. Sina ugomvi na matokeo hayo. Naomba tu ikumbukwe kwamba watafiti wale walikuwa wa kampuni ya tumbaku, na kwamba jino la ng'ombe likiwa maabarani halinywi kahawa ya asubuhi wala halina ufizi wa kulishika.

Katika kinywa cha mtu aliye hai mambo huenda kwa namna nyingine. Nikotini safi haina rangi, lakini ikikutana na hewa hugeuka njano, kisha kahawia. Asiyeamini aiache chupa yake wazi dirishani aitazame baada ya muda. Propilini glikoli huvuta maji, kwa hiyo hukausha kinywa. Gliserini ni nzito na inanata. Mkavu na wenye kunata, ndivyo unavyokuwa uso wa jino la mtu anayevuta kifaa hiki kutwa nzima, na juu ya uso huo kahawa na chai za milima yetu ya Kivu hupata makao mazuri kuliko zinavyostahili. Madoa mengi ninayoyakwangua kwa vijana hawa, shingoni mwa jino na katika nafasi kati ya jino na jino, yametokana na ushirikiano huo.

Najua kuna mtu kutoka upande wa Sake anayejisemea kimoyomoyo: «Daktari, mimi meno yangu yana rangi tangu utotoni kwa sababu ya maji, sasa nina nini cha kupoteza?» Nakujibu hata kama hukuinua mkono. Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hutia floridi nyingi katika baadhi ya maji tunayokunywa, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huyaota yakiwa na michirizi myeupe au mabaka ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, haikuja na moshi, na haitoki kwa mswaki, kwa jivu, kwa makaa wala kwa ndimu, hivyo acheni kuyasugua meno yenu kana kwamba ni masufuria. Lakini jino lililoathirika sana na floridi huwa na vitundu na sehemu dhaifu zinazonywa rangi kutoka nje upesi kuliko jino zima. Mtu wa Sake, basi, ana zaidi ya kupoteza, si pungufu. Tena maji ya volkano hayajampa mtu yeyote kinga ya ufizi.

Na ufizi ndio ulionileta hapa. Wanaonifahamu watacheka, kwa sababu hata nikialikwa kuzungumzia meno ya maziwa huishia kwenye ufizi.

Alinijia kijana mmoja anayeuza simu kule Birere, nadhifu, viatu vinang'aa, akitaka meno yake yafanywe meupe zaidi kabla ya harusi ya kaka yake. Nilimwambia afungue kinywa. Meno yalikuwa meupe kweli, na yeye alijua, kwa hiyo alitabasamu hata kabla sijamaliza kuwasha taa. Aliniambia kwa fahari kwamba aliacha sigara za kawaida zamani, sasa anavuta ya kielektroniki yenye kionjo cha embe, na kwamba akipiga mswaki hatoki damu hata tone. Nikachukua sondi. Kwa wasioijua, ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ambacho daktari hukishusha taratibu kati ya jino na ufizi ili kuona kitakoma wapi. Kwenye ufizi mzima hukoma milimita ya kwanza, ya pili, au mwisho ya tatu. Kwa kijana huyu, nyuma ya magego ya chini, sondi ilishuka hadi tano, na mahali pamoja ikagota kwenye sita. Maana yake ni kwamba ufizi ulikwisha kuachana na jino, na mfupa unaolishikilia jino ulikuwa umeanza kuliwa. Nilipoitoa sondi niliiangalia kwenye taa: ilikuwa na unyevu wa mate, na damu hakuna. Ufizi wake ulikuwa umepauka na kukaza, mzuri wa kumdanganya mama yake, na kama ningekuwa na haraka siku ile, mzuri wa kunidanganya na mimi.

Sababu yake si fumbo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi wenye ugonjwa hutakiwa kuvimba, kuwa mwekundu na kutoka damu ukiguswa. Hiyo ndiyo njia pekee uliyo nayo ya kukuita. Nikotini inapoizuia damu isifike, ugonjwa haupungui hata kidogo, kinachopungua ni kelele. Ukimfunga mbwa wako mdomo usiku, utalala vizuri, lakini mwizi hajaondoka uani.

Na ubaya zaidi huja siku ya kuacha. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza waliwafuatilia wavutaji wa sigara walioacha, na baada ya wiki nne hadi sita sehemu za ufizi zilizotoka damu zilipopimwa zilipanda kutoka asilimia 16 hadi 32, ingawa watu hao walikuwa wanasafisha meno yao vizuri kuliko awali. Damu ilikuwa imerudi kazini. Sasa fikirieni kijana wa Ndosho ambaye ameacha kwa taabu, ambaye hakuna aliyemweleza jambo hili, anatema damu kwenye karai asubuhi. Atasema nini? Atasema kuacha ndiko kulikomuumiza, na jioni atakuwa amekirudia kifaa chake, na damu itakoma, naye atawahubiria wenzake. Wazazi, mtoto wenu akiacha akaanza kutoka damu, msimnunulie dawa ya kusukutua sokoni. Mleteni apimwe.

Hapo huwa nasikia sauti ya mjuaji: «Mimi natumia isiyo na nikotini.» Vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichunguza vijidudu vilivyo chini ya ufizi wa vijana wanaotumia vifaa hivi, wenye afya njema na wasio na dalili ya ugonjwa, wakakuta vinafanana na vya watu wenye ugonjwa mkali wa ufizi. Kilichovilisha na kuvibadilisha kilikuwa kimiminika chenyewe, kiwe na nikotini au kisiwe nayo. Anayesema «ni mvuke tu», kama ule wa chungu cha maharagwe, ameuziwa neno.

Na «si afadhali kuliko sigara?» Kwa mzee aliyevuta pakiti kila siku, akahamia huku moja kwa moja bila kuchanganya, sitagombana naye leo. Lakini kijana wa miaka kumi na saba ambaye hakuwahi kuvuta chochote amehama kutoka wapi?

Naona mwenyekiti anaitazama saa, na nilikuwa bado na kuoza kwa meno. Nitakwenda mbio. Mate ndiyo yanayozimua asidi na kulirudishia jino madini yake. Asidi ikishusha pH ya kinywa, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, chini ya 5,5, gamba la jino huanza kuyeyuka, na katika kinywa kikavu pH hukawia kupanda tena. Ongezeni vionjo vitamu: katika jaribio jingine la maabara la mwaka 2018, vimiminika vitamu vilifanya vijidudu vinavyotoboa meno vishike kwenye jino mara nne zaidi, na ugumu wa gamba la jino ukapungua kwa asilimia 27. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, ilipopitia mwaka 2022 kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 13,000, asilimia 79 ya watumiaji wa vifaa hivi walikuwa katika hatari kubwa ya kuoza meno, dhidi ya asilimia 60 kwa wengine. Watumiaji hao walikuwa wachache sana katika hesabu ile, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo. Nasema mapema ili mjuaji wetu asichoke kuinua mkono.

Betri kulipuka mdomoni, hilo lipo, lilimvunja taya kijana mmoja wa Marekani mwaka 2018, ila si la kila siku. Kuhusu sheria, Uganda ilikwisha kuvipiga marufuku vifaa hivi kwa sheria yake ya mwaka 2015. Sisi tuzungumze siku nyingine, na mtu mwingine awe mzungumzaji.

Anayetumia na hajawa tayari kuacha, anywe maji baada ya kuvuta, asilale na kifaa mkononi, apige mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi na usiku, isipokuwa watoto wadogo wa maeneo ya maji yenye floridi nyingi, ambao wazazi wao wataniuliza kwanza kiasi. Kusafisha kati ya meno pia, kwa uzi, kila usiku. Na aje kupimwa kila baada ya miezi sita, hata kama haumwi, hata kama hatoki damu. Kwake yeye, hasa kama hatoki damu.

Nimekuja na sondi safi za kutosha, na meza iko pale karibu na mlango. Watakaopenda kupimwa wapange mstari, na aliyevuta leo asubuhi aniambie kabla sijaanza, kwa sababu bila kujua hilo nitamwandikia mtu mgonjwa kwamba ni mzima. Mama yake asimame mbali kidogo ili aweze kusema ukweli.