Namna ya kupanda sponji kwenye kamba, Jambiani

Assalaam alaykum ndugu watazamaji. Leo tupo pwani ya Jambiani, Unguja, maji yanakupwa, na nitakuonesheni namna ya kupanda sponji wa kuogea kwenye kamba.

Kwanza tuelewane. Sponji ninayemsema si dodoki, wala si ile ya godoro. Huyu ni mnyama. Anavuta maji ya bahari, anachuja vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, basi ndiyo chakula chake. Halishwi wala hatiwi dawa. Anachotaka ni maji safi yanayotembea.

Mtazame huyu, yuko mkononi mwangu chini ya maji. Ngozi nyeusi, inateleza. Hivi vitundu vikubwa huku juu ndimo maji yanamotokea, na ndani kote ni mifereji mitupu. Ukimnyanyua nje, maji yanachuruzika na hewa inaingia mahali pake. Hewa ile ikinasa, nyama inakufa. Mwanzo nilikuwa sijui hilo. Nikapandisha kamba nzima ngalaweni wageni waione. Siku chache baadaye vipande vilikuwa vinaoza kuanzia ndani, na harufu yake sijaisahau. Kwa hiyo kila nitakachofanya leo nitakifanya ndani ya maji, na wewe fanya hivyo hivyo.

Chukua kisu kikali. Kisu butu kinamponda, na sponji aliyepondwa haponi vizuri. Kata taratibu, usimbane wala usimkamue. Sponji mama unayemkata muachie kitako cha kutosha, kitaota tena. Vipande viwe na ukubwa wa kasha la kiberiti, na kila kimoja kibaki na ngozi ya nje japo upande mmoja. Palipokatwa patajifunga penyewe.

Sasa pitisha uzi wa nailoni katikati ya kipande kwa sindano ndefu, ukifunge kwenye kamba ya manila. Toka kipande hadi kipande acha shubiri moja. Fundo likaze! Kipande kikiwa kinazunguka, tundu linapanuka, na bahari ya kusi itakichukua.

Kamba ishikwe na nanga huku na huku, maboya yaibebe isiguse mchanga. Kina kipime siku ya bamvua, siku ambayo maji hujaa na kukupwa sana, maji yamekupwa mpaka mwisho, na hapo bado kamba iwe imezama. Ukipima maji mafu, siku ambazo hayakupwi sana, umejidanganya.

Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe hasa ni kusafisha. Njoo mara kwa mara, ondoa majani yaliyojishika kwenye kamba, toa kaa na chaza wadogo, futa ukoga kwa kidole. Kipande kilichopauka na kulainika kitoe upesi kisiambukize jirani. Sisi tuliotoka kwenye mwani, uliolimwa huku tangu 1989, mkono wa kazi hii tunao tayari. Joto la maji ndilo lililotutoa kule.

Mavuno mpe mwaka, pengine zaidi. Ukikata, loweka kwenye maji ya bahari mpaka nyama iachie, kamua, suuza, rudia tena na tena hadi ibaki nyuzi laini, rangi ya asali, halafu anika.

Haya, nakaza fundo hili la mwisho, maana maji yashaanza kujaa.