Watoto wa Mbwa Watatu Ndani ya Nyumba Moja: Mtoe Mmoja Mmoja

Hamjambo watu wangu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega. Swali ni lile lile kila wiki: "Tumechukua watoto wa mbwa watatu wa tumbo moja, wanakojoa nyumba nzima, tufanyeje?" Najua kabla sijamaliza kuna atakayeandika kwamba naringa kwa sababu niko Berlin. Siringi. Huku mbwa analipiwa kodi: euro 120 kwa mwaka kwa wa kwanza na 180 kwa kila anayeongezeka. Watatu ni 480, na bado hujaweka chipu, bima na kuwasajili. Hayo makaratasi yananichosha, lakini ukilalamika unaambiwa panda ndege urudi. Basi tuyaache, tuongee kazi.

Kosa kubwa ni kuwatoa wote pamoja. Wakifika nje wanarukiana, wanaumana masikio, haja inasahaulika. Mkirudi ndani mchezo umeisha, sebule imetulia, na hapo ndipo wanachuchumaa kwenye zulia. Unasema wana ukaidi, kumbe hawajapata nafasi ya kukojoa.

Kila mmoja awe na boksi lake la kulala. Si lazima ununue. Mbao na waya wa kuku zinatosha. Liwe la kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, maana likiwa kubwa atalala upande huu na kukojoa ule. Wavishe kola za rangi tofauti, kisha bandika karatasi ukutani: rangi, saa, mkojo, haja kubwa. Baada ya siku nne hivi utaanza kuona saa za kila mmoja.

Mtoto wa wiki nane akilala anaweza kubana saa mbili, pengine tatu. Akiwa macho, saa moja ni nyingi. Mtoe akiamka, akitoka kucheza, na dakika kumi hadi ishirini baada ya kula. Mfunge kamba, mpeleke pale pale pa jana, usimame kimya. Usimsemeshe wala kumchezea. Akimaliza, mpe omena moja kavu hapo hapo, kabla hajainua mguu kurudi. Ukimpa jikoni, anadhani unamlipa kwa kuingia ndani. Dakika tano zikipita bila kitu, mrudishe kwenye boksi dakika kumi, umtoe tena. Halafu mchukue wa pili. Ndiyo, ni safari nyingi, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Chakula nacho kiwe na saa: mara tatu au nne kwa siku, kila mmoja na bakuli lake, na uyaondoe baada ya dakika kumi na tano. Chakula kikikaa sakafuni siku nzima, haja nayo itakuja saa yoyote. Maziwa ya ng'ombe mengi huwaharisha, na mbwa anayeharisha hafundishiki. Maji msiwanyime, hasa nyie wa Kisumu kwenye joto hilo. Yaondoeni tu saa mbili hivi kabla ya kulala.

Ukikuta kinyesi na hujui mwenyewe, mkwangulie mmoja karoti kwenye ugali wake. Vipande vya rangi ya chungwa hutoka vilevile, na utajua ni cha nani.

Usimpige wala kumsugua pua. Anachojifunza ni kujificha nyuma ya kochi. Na yupo yule mnyonge anayekojoa matone ukimwinamia au ndugu yake mkubwa akimkaribia. Huyo ana woga, si utundu. Chutama pembeni, usimkazie macho. Lakini anayekojoa kidogo kidogo mara nyingi mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Kusafisha: dawa ya kunukia inaficha harufu kwa pua yako tu. Futa, osha kwa sabuni, suuza, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Usimwage jiki juu ya mkojo, ule mvuke ni mbaya kwa mapafu.

Na pale pa kwenda haja pawe ndani ya ploti yako, si barabarani, hadi wamalize chanjo kwenye wiki kumi na sita hivi. Kirusi cha parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi, na kimoja kikiingia kwa mmoja wote watatu wako hatarini.

Hapa kila mtu na mbwa wake, lakini mimi humruhusu mmoja sebuleni baada ya wiki nne bila ajali, akiwa peke yake kwanza, kisha wawili. Wengi hutulia kati ya miezi minne na sita. Hesabu kwa yule atakayechelewa zaidi.

Nyie wa Nakuru, mvua za Aprili zikianza, wekeni kipande cha bati juu ya pale mahali. Mtoto wa mbwa akikanyaga nyasi zilizolowa atageuka mlangoni na kurudi kukojoa ndani.