Tazama Kichwa Kwanza: Kuku wa Familia kwa Nchi ya Theluji

Ndugu zangu, wengine jambo hili mmeshalisikia kwangu, na nitalirudia mpaka liingie. Kabla hujauliza kuku fulani anataga mayai mangapi, tazama kichwa chake. Familia iliyohamia Maine au Minnesota huku Marekani, au Alberta ya Kanada, ambayo haijawahi kufuga penye theluji, itaponea au itaumia kwenye ule upanga mwekundu wa kichwani.

Mwili wa kuku una manyoya, na kuku wa aina nzito ana vinyoya laini kwa ndani vinavyoshika hewa ya joto. Upanga na ndevu, zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, havina unyoya hata mmoja. Ni ngozi na damu tu. Baridi ikizidi, mwili hupunguza damu inayokwenda huko ili ulinde moyo na matumbo. Ncha zinaganda, zinapauka, halafu zinakuwa nyeusi na kukatika. Kuku hali vizuri, jogoo anaweza hata kupoteza uwezo wa kurutubisha mayai kwa muda. Ukiona upanga umepauka, usiusugue, usiuweke karibu na moto, na ule weusi usiukate. Unalinda nyama iliyo hai chini yake.

Kwa hiyo upanga mrefu wenye meno ya msumeno ni hatari, na ulio bapa, uliolalia kichwa, ni salama. Wyandotte wa Marekani ana huo ulio bapa. Brahma ana mdogo wenye mistari mitatu ya vinundu. Waliotoka Tanzania na Pwani ya Kenya wanamjua kuchi: upanga wake ni mfupi, umekaa chini. Ndio umbo ninalolisema. Lakini msikimbilie kuchi mwenyewe, manyoya yake ni machache na ugomvi wake mnaujua. Na kishingo, mwenye shingo tupu, ameumbwa kwa joto, huku atateseka.

Yupo kuku aliyetengenezwa makusudi kwa ajili ya baridi hii, naye ni Chantecler. Mtawa mmoja wa Oka, jimbo la Quebec, Bruda Wilfrid Châtelain, aliona kwamba Kanada yote inafuga kuku wa nchi za watu. Akachanganya aina kadhaa kwa miaka mingi, akichagua kila kizazi wenye upanga mdogo kabisa na ndevu zisizoonekana. Mwaka 1921 chama cha wafugaji cha Marekani kikaitambua Chantecler nyeupe kuwa aina kamili. Mtazameni kichwani: upanga ni kinundu tu, baridi haina pa kushika. Kwa mapanga, sijui aliye bora kuliko yeye. Ila kwa familia yenye watoto wadogo simweki namba moja. Wengi wao hawapendi kushikwashikwa, na wakifungiwa mahali pembamba wanaanza kudonoana.

Najua kuna anayetaka kuniuliza: mbona basi kila siku unamsifu Orpington, naye ana upanga wa msumeno? Swali zuri. Orpington jike ana upanga wa wastani, na usiku anaficha kichwa ndani ya manyoya ya bawa. Anayeumia ni jogoo, na miji mingi ya huku inakataza jogoo; soma sheria ya mji wako kabla hujanunua ubao wa kwanza. Orpington wa rangi ya dhahabu ni mzito, mpole, haruki ua, na mtoto wa miaka mitano anaweza kumpakata. Mayai ni kati ya 150 na 200 kwa mwaka. Kasoro yake ni kupenda kuatamia: atang'ang'ania kiota bila kutaga. Mtoe kila siku, na mayai yasikae chini yake.

Na Leghorn? Anataga kupita wote hao, lakini ana upanga mkubwa unaoangukia jicho, anashtuka haraka na anaruka. Mwachieni anayeuza mayai.

Sasa hili la pili linaniudhi, maana watu wanaua kuku kwa huruma. Wanaziba kila tundu la banda ili "wasipigwe na baridi". Kuku anapumua, kinyesi chake kina maji, na unyevu wote unabaki humo ndani na kutua juu ya upanga. Usiku wa nyuzi -15 za Selsiasi kwenye banda kavu, Wyandotte analala salama; kwenye banda lenye unyevu anaungua kwa baridi hata kabla haijafika hapo. Acheni matundu juu, chini ya paa, yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, upepo usiwapulizie moja kwa moja. Yafunikeni kwa waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, maana vicheche na rakuni, wanyama wa huku wanaowinda kuku usiku, wanaingia popote. Asubuhi ingiza kichwa ndani: ukiona umande au barafu kwenye ukuta, au ukisikia harufu kama ya mkojo inachoma pua, hewa haitoshi. Taa ya joto msiweke. Ikianguka kwenye maranda makavu, banda linaungua na kuku wote.

Muda unakwisha, nipite haraka. Fito ya kulalia isiwe ya duara nyembamba. Tumia ubao wa inchi mbili kwa nne, ule upana ukiwa juu, ili kuku akilala tumbo lifunike vidole. Brahma ana manyoya miguuni, kwa hiyo penye tope linaloganda hafai kwa anayeanza. Maji yanaganda, nunueni chombo chenye kitako cha umeme. Nje ya nyumba za zamani udongo unaweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, yaliyotokana na rangi ya kuta. Upimeni kabla kuku hawajaanza kuparura, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakishika kuku.

Kwa familia inayoanza nasema sita: Orpington wawili, Wyandotte wawili, na Plymouth Rock wawili, wale wa mistari myeusi na myeupe, ambao ni wadadisi na wanamfuata mtu. Banda liwe mita za mraba mbili na nusu, uwanja sita. Wyandotte wengine wana ubabe, ndiyo maana naweka wawili wawili, asiwepo wa kuonewa peke yake. Upole nao haukai wenyewe: wiki za kwanza mtoto akae chini, awalishe mkononi, asiwanyakue kwa juu kama mwewe.

Agizeni vifaranga mapema, Januari au Februari, kwa kupokelewa Aprili au Mei, na mtaje kwamba mnataka majike waliokwisha kuchaguliwa. Mkichukua mchanganyiko, karibu nusu watakuwa majogoo, na hao mnajua mji utasema nini.